Uyoga wa rafu kwenye gogo la msonobari: tazama tumbo

Picha nyingi ninazoletewa za uyoga huu, unaoota ubavuni mwa mti kama rafu, ni za mgongo, yaani upande wa juu; tumbo ni upande wa chini. Mgongo ni mwongo: jua, mvua na umri huubadili rangi. Ukitaka jina, fuata mpangilio huu.

1. Hakikisha mti. Gome likishadondoka, tafuta vifundo vya matawi. Vya msonobari vimejaa utomvu na huoza mwisho kabisa.

2. Bandua kipande cha mti uliooza. Ukiwa wa kahawia, umepasukapasuka kama vitofali na ukisagika vidoleni kuwa unga, kuvu imekula selulosi (nyuzi za mti) na kuacha lignini (kinachozishikanisha nyuzi hizo). Ukiwa mweupe, laini, wa nyuzinyuzi, lignini nayo imeliwa.

3. Sasa pindua uyoga, shika lenzi. Vibamba vigumu vya rangi ya kutu, vimepangana kama kurasa za kitabu, juu ya mti wa kahawia: Gloeophyllum sepiarium. Vitundu vya zambarau vyenye ncha kama meno, kofia nyembamba ambayo mara nyingi imeota mwani wa kijani, mti mweupe: Trichaptum abietinum. Vitundu vidogo vya duara, rangi ya maziwa, uyoga mgumu kama ubao na mti wa kahawia: yaelekea ni Fomitopsis pinicola, ambaye mgongoni huwa na mkanda mwekundu.

4. Huyo wa mwisho ana siri. Kata kipande, nenda nacho mbali na majani makavu, sogeza njiti ya kiberiti mgongoni. Gamba litayeyuka na kutoa mapovu kama lakiri.

Maswali ya wanachama

Swali: Wangu hauna ule mkanda mwekundu, ni mweusi mtupu.
Jibu: Ukizeeka mkanda hufifia. Ndiyo maana nikakutajia kiberiti.

Swali: Mwalimu, tumboni kuna matone ya maji. Umeoza?
Jibu: La, unakua. Unatoa jasho, ukipenda.

Swali: Niko Amerika Kaskazini, kitabu changu kinasema Fomitopsis mounceae.
Jibu: Kiamini kitabu. Mwaka 2019 uyoga wa huko ulitenganishwa na pinicola na kupewa majina yake. Pinicola halisi ni wa Ulaya na Asia.

Swali: Umeota kwenye kitako cha mti ulio hai, una manyoya, ukingo wa manjano.
Jibu: Huenda ni Phaeolus schweinitzii. Watu huutumia kutia sufu rangi, lakini huozesha mizizi na kitako cha shina. Usiweke hema chini ya mti huo.