Laptopu Ikigoma Kwenye Linux: Jinsi ya Kujua Kama Mbovu ni Maunzi au Programu

Laptopu ikianza kusumbua, wengi hukimbilia kusakinisha Linux upya. Kazi hiyo hula muda, na mara nyingi tatizo hurudi siku hiyohiyo kwa sababu kilichoharibika ni kifaa, mfumo hauna kosa. Tena kama diski ndiyo inayokata roho, kusakinisha upya ni kuandika juu ya data ambayo bado ingeokolewa. Kwa hiyo kabla hujafuta chochote, jiulize: tatizo limekaa kwenye mashine, au kwenye mfumo uliosakinishwa?

Anzia mahali ambapo Linux haijaamka. Ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe (kwa kawaida ni F2, Del, F10 au Esc mara tu unapowasha) na uiache mashine humo dakika 15. Ikijizima, skrini ikicheza au kibodi ikijibonyeza yenyewe, acha kuilaumu Linux, maana haijaanza kufanya kazi. Mambo yakiwa shwari, washa kwa flashi yenye Linux inayotumika bila kusakinishwa, yenye kerneli (kiini cha Linux kinachozungumza na vifaa) mpya kuliko yako. Kilichogoma kikifanya kazi huko, kifaa ni kizima na kasoro iko kwenye draiva (programu inayoendesha kifaa) au mipangilio. Kikigoma na huko, usihukumu bado, soma kwanza logi, yaani kumbukumbu za matukio ya mfumo.

Kerneli husema, isikilize

Fungua terminali uandike:

`sudo dmesg -T --level=err,warn`

Kama mashine iliganda ukalazimika kuizima kwa kitufe, unachotaka ni logi ya mara iliyopita:

`sudo journalctl -k -b -1 -e`

Amri hii ikikuambia haina kumbukumbu za nyuma, tengeneza folda `/var/log/journal`, washa mashine upya, kisha usubiri tatizo lijirudie. Tazama mistari ya mwisho kabisa. Logi ikikatika ghafla bila lalamiko lolote, shuku umeme, joto au RAM: kerneli haikupata hata nafasi ya kuandika. Ukikuta maneno `Hardware Error` pamoja na `mce`, hiyo ni taarifa ya prosesa yenyewe kwamba kuna kasoro kwenye maunzi.

Usitishwe na kila mstari mwekundu. Laptopu nzima kabisa huweza kuwa na mistari kadhaa ya `ACPI Error`, na mingi hutokana na BIOS iliyoandikwa ovyo bila madhara yoyote. Mstari wa kufuatilia ni ule unaotokea sekunde ileile tatizo linapotokea. Ndiyo maana njia nzuri ni kuacha `sudo dmesg -w` ikiwa wazi, kisha ufanye kile kinacholeta tatizo: chomeka kebo, funga kifuniko, tikisa chaja.

Wi-Fi

Kwanza `rfkill list`, inayoonyesha kama redio ya Wi-Fi imezimwa. Ukiona `Soft blocked: yes`, fungua kwa `sudo rfkill unblock wifi`. `Hard blocked: yes` ni jambo jingine: kuna swichi pembeni ya mashine au kitufe cha Fn kilichozima redio, na amri haiwezi kukifungua.

Kisha:

`lspci -nnk | grep -iA3 net`

Kadi ikionekana na chini yake pana `Kernel driver in use`, draiva imeshika. Ikionekana bila mstari huo, draiva haipo au imekataliwa. Isipoonekana kabisa, imezimwa kwenye BIOS, imelegea kwenye soketi au imekufa. Za USB zitafute kwa `lsusb`.

Sasa tazama mstari huu kwa makini, maana huwachanganya wengi:

`iwlwifi 0000:02:00.0: Direct firmware load for iwlwifi-cc-a0-72.ucode failed with error -2`

`iwlwifi` ni draiva ya kadi za Intel, namba zinazofuata ni anwani ya kadi, na `-2` maana yake faili haikupatikana. Yaani kadi iko hai na draiva imeiona, ila ile programu ndogo ambayo kadi hupakiwa inapoamka haimo ndani ya `/lib/firmware`. Lakini shuka mistari michache chini. Draiva hii hujaribu matoleo kuanzia jipya kwenda la zamani, hivyo inaweza kukosa mawili matatu kisha ikaandika `loaded firmware version`. Ikifika hapo, faili si tatizo tena, tafuta kwingine. Isipofika, sakinisha kifurushi cha `firmware-iwlwifi` kwenye Debian, au `linux-firmware` kwenye Ubuntu. Debian ilianza kuweka faili hizi kwenye kisakinishi chake cha kawaida toleo la 12, mwaka 2023, kwa hiyo kwenye matoleo ya nyuma ni kawaida kuzikosa.

Baadhi ya kadi za Broadcom huhitaji draiva ya pembeni, na hapo huingilia Secure Boot, ulinzi unaokataa programu zisizosainiwa. `modprobe`, amri ya kupakia draiva, ikijibu `Key was rejected by service`, draiva haijasainiwa kwa ufunguo unaoaminika. Hakikisha kwa `mokutil --sb-state`, kisha usajili ufunguo wa draiva au uzime Secure Boot kwenye BIOS.

Na kama mtandao unaonekana ukiwa umekaa karibu na ruta tu, hasa baada ya mashine kufunguliwa, fungua uangalie nyaya mbili nyembamba za antena zinazobanwa juu ya kadi. Huchomoka kwa urahisi, na kuzirudisha ni kubonyeza kwa kidole mpaka zilie "tap".

Diski

Hapa usifanye haraka, maana kosa moja linaweza kukugharimu kila kitu. Dalili ni mashine kusita sekunde kadhaa, kisha faili kukataa kuhifadhiwa kwa ujumbe `Read-only file system`. Kerneli imekutana na hitilafu, ikaifunga diski isiandikwe ili kuilinda. Kwenye logi utaona `I/O error` pamoja na jina la diski.

Pata jina la diski kwa `lsblk`, sakinisha `smartmontools`, kisha usome afya ya diski:

`sudo smartctl -a /dev/sda`

Kwa NVMe (aina ya diski za kasi, tofauti na zile za SATA) weka `/dev/nvme0n1`. Neno `PASSED` lililo juu lisikupe faraja, kwa kuwa diski inaweza kulisema huku inakufa. Kwa diski za SATA soma safu ya mwisho kwenye namba hizi: 5 ni sekta zilizokwisha kuhamishwa, 197 ni sekta zinazosubiri kwa kuwa hazikusomeka, 198 ni zilizoshindikana kabisa. Ikiwa 197 si sifuri na inapanda, diski hiyo usiiamini tena. Namba 199 ni tofauti: inahesabu makosa ya mawasiliano, na mara nyingi dawa ni kubadili au kukaza kebo bapa ya diski, diski yenyewe ikiwa nzima. Kwa NVMe angalia `Media and Data Integrity Errors`, inayotakiwa kuwa 0, na `Available Spare`, isishuke chini ya kiwango kilichoandikwa chini yake.

Namba zikiwa mbaya, usiendeshe `fsck`, amri ya kurekebisha mfumo wa faili. Hiyo huandika kwenye diski, na diski inayokufa haistahimili kuandikwa. Washa kwa flashi, chomeka diski ya nje yenye nafasi kubwa kuliko ya ndani, sakinisha `gddrescue` (ndilo jina la kifurushi kwenye Debian na Ubuntu), kisha unakili diski nzima:

`sudo ddrescue -d -n /dev/sda /media/nje/diski.img /media/nje/diski.map`

Mzunguko huu huchukua kwanza yanayosomeka kwa urahisi. Ukiisha, rudia amri ileile ukibadili `-n` kuwa `-r3`, ili ijaribu sehemu ngumu mara 3. Usiifute faili ya `.map`, kwa sababu ndiyo inayokumbuka ilipoishia hata umeme ukikatika. Matengenezo yote fanya kwenye nakala.

Kuna NVMe ambazo hupotea ghafla mashine ikiwa imetulia, na logi huandika `controller is down`. Mara nyingi chanzo ni diski kuingia usingizi mzito wa kuokoa umeme na kushindwa kuamka. Kwenye menyu ya GRUB, inayotokea kabla Linux haijawaka, bonyeza `e`, mwisho wa mstari unaoanza na `linux` ongeza `nvme_core.default_ps_max_latency_us=0`, halafu Ctrl+X ili mashine iendelee kuwaka. Badiliko hili hudumu mara hiyo moja tu. Likitibu, ndipo uliweke kwenye `/etc/default/grub` na uendeshe `sudo update-grub` (kwenye Debian na Ubuntu). Fuata mtindo huu kwa kigezo chochote cha kerneli.

RAM, joto na betri

Programu zikianguka ovyo, leo hii kesho ile, pima RAM kwa Memtest86+ toleo la 6 au jipya zaidi, kwa kuwa la 5 halikuwaka kwenye UEFI, yaani BIOS ya kisasa. Iache usiku kucha. Kosa moja tu linatosha. Kisha pima kipande kimoja kimoja na ubadilishane soketi: kosa likifuata kipande, badili kipande, likibaki kwenye soketi, ubao mkuu wa mashine ndio mbovu.

Kwa joto, fungua terminali mbili. Moja `watch -n1 sensors`, nyingine `stress-ng --cpu 0 --timeout 10m`. Namba zikiruka hadi zaidi ya nyuzi 90 ndani ya sekunde chache, huenda pasta ya joto imekauka au bamba la kupoozea halijagusa prosesa sawasawa. Zikipanda polepole kwa dakika kadhaa, shuku vumbi au feni. Unapopuliza vumbi, shikilia mabapa ya feni yasizunguke, la sivyo utaua beringi.

Betri ipime kwa `upower -i $(upower -e | grep BAT)` na ulinganishe `energy-full` na `energy-full-design`. Wh 22 kati ya 50 ni asilimia 44, na betri ya namna hiyo inaweza kuzima mashine huku ikionyesha 30%. Paneli ya mguso ikiwa imenyanyuka au imekuwa ngumu kubonyeza, betri imevimba. Zima, usichaji, usiikandamize, usiitoboe.

Skrini na sauti

Skrini ikiwa nyeusi, iangazie tochi kwa pembeni. Ukiona picha hafifu, taa ya nyuma ndiyo haiwaki. Ukizungusha kifuniko polepole na mistari ikabadilika, ni kebo ya kwenye bawaba. Mistari ikianza tu baada ya Linux kupanda, jaribu kigezo cha kerneli `nomodeset` kwa njia ileile ya GRUB. Ikitoweka, draiva ya picha ndiyo mkosaji.

Sauti: `aplay -l`, kisha `alsamixer`, F6 kuchagua kadi, na kila palipoandikwa `MM` bonyeza M. Kadi isipoonekana kwenye laptopu mpya ya Intel, sakinisha `firmware-sof-signed` (jina la kifurushi kwenye Debian).

Ukilazimika kufungua

Zima, chomoa chaja, chomoa plagi ya betri ndani, kisha shikilia kitufe cha kuwasha sekunde 15 ili umeme uliobaki uishe. Panga skrubu kwa mpangilio wa mashimo yake, maana ndefu ikiingia penye fupi inaweza kutoboa ubao. Baada ya kurudisha kifaa, kaza skrubu mbili tu, washa, hakikisha `lspci` au `lsblk` inakiona, kisha zima na umalizie zilizobaki.