Somo: Kuanzisha ushirikiano wa kulinda msitu, mto na ziwa kwa pamoja

Ndugu wanajumuiya, somo hili ni la wenzetu wa vijiji vya Moshi Vijijini, Hai, Rombo na Mwanga. Ushirikiano wa kulinda msitu wa Kilimanjaro ukiwahusu wakazi wa juu mlimani tu, haudumu. Wavuvi wa bwawa la Nyumba ya Mungu na wakulima wa mpunga wa Kahe waingie tangu siku ya kwanza, la sivyo wa juu wanabebeshwa ulinzi peke yao na wanachoka.

Hatua ya 1: Yafuateni maji

Kabla ya kikao chochote, wachache wenu wapande hadi kwenye banio la mfongo, yaani pale mfereji wa asili unapochukua maji mtoni, kisha washuke. Huko juu mtaona kuvumwani (ule utando unaoota juu ya miti) iliyofunika matawi inadondosha maji hata siku isiyo na mvua, kwa sababu miti inanasa ukungu. Moto wa Oktoba 2020 ulipoteketeza vichaka vya juu, tulipoteza pia mimea ya kazi hiyo.

Kushuka: Karanga na Weruweru zinaingia Kikuletwa, pamoja na maji yanayotoka Meru. Lumi inashuka upande wa Rombo, inavuka kwenda Kenya, inaingia Ziwa Jipe. Ruvu inatoka Jipe. Kikuletwa na Ruvu zinakutana Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo Mto Pangani unakwenda baharini ukizungusha mitambo ya umeme ya Hale na New Pangani. Hao wote ni wadau wenu, na wenye mitambo wana uwezo wa kuchangia.

Hatua ya 2: Jueni nani ana amri wapi

Hapa ndipo vijiji vingi hukwama. Msitu wa asili wa mlimani uliingizwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, pamoja na ule ukanda wa nusu maili uliotengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni na mbao. Kwa hiyo suala la kuni za nusu maili linapelekwa KINAPA, yaani Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, kwa watu wa ujirani mwema. Mashamba ya miti ya serikali yako chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Mto, mfereji na vibali vya kutumia maji ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, iliyo hapa hapa Moshi. Samaki ni halmashauri na BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia uvuvi. Barua moja ya "kwa wahusika wote" haijibiwi na yeyote. Andikeni kwa kila mmoja jambo lake.

Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kusimamia msitu kwa pamoja na serikali, au kutenga msitu wake chenyewe. Ndani ya hifadhi ya taifa sheria ni nyingine, msizichanganye.

Hatua ya 3: Mkutano mkuu wa kijiji

Ajenda ibandikwe mapema. Wazee wa mifongo wapewe nafasi ya kwanza: wanajua zamu za maji, na wanajua nani huziba mfereji usiku kwa vipande vya mgomba na udongo. Waalikeni wajumbe wa chini waje kusikiliza na kusema.

Hatua ya 4: Andikeni

Nani anafanya doria, nani anamlipa, faini inakwenda wapi, mgogoro unasuluhishwa na nani. Kisha sheria ndogo ipelekwe halmashauri iidhinishwe. Bila idhini hiyo, faini yenu haina nguvu.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mama wa Uru: Mto unapita kihambani kwangu, shambani nyumbani. Hizo mita 60 za kuacha kando ya mto si zitachukua kihamba chote?*

Shikamoo mama. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia, ndani ya mita 60, shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu chanzo. Anza na ukingo: usilime hadi kwenye maji, ondoa mikaratusi, panda mikuyu na mringaringa. Kisha mwite afisa wa Bonde aje apime akiwa kihambani, asikuamulie akiwa ofisini.

*Mvuvi wa Nyumba ya Mungu: Sisi bwawa hufungwa, kokoro, nyavu za kuburuta, zinachomwa. Wa juu wanaochepusha maji wanafanywa nini?*

Kaka, lalamiko lako ni la haki, na ndiyo sababu nataka uwe mezani. Kokoro inazoa vifaranga vya samaki, hilo halina mjadala. Lakini makubaliano yaseme pia kiasi cha maji kinachobaki mtoni kiangazi, na nyinyi muwe na mjumbe wa kusoma kipimo pamoja na wa juu. Asiye na kibali au anayezidisha, Bodi ya Bonde inamwajibisha.

*Kijana wa Mwanga: Jipe imejaa magugu na nusu yake iko Kenya. Tutashirikiana vipi?*

Kijiji hakiwezi kusaini mkataba na nchi nyingine; hilo lipitie halmashauri na Bonde. Ila wavuvi wa pande zote mbili wanaweza kukubaliana tundu la wavu na msimu wa kupumzisha mazalia, maana perege wa Jipe, samaki wa asili ya bonde hili la Pangani, yuko hatarini kwelikweli. Na magugu hayaishi kwa kung'olewa tu: udongo unaoletwa na Lumi na vijito vya Upare unajaza ziwa na kuyapa mahali pa kushika. Kwa hiyo wa Rombo na Ugweno waalikwe kikao kijacho. Nitumie majina ya viongozi wa BMU yako, niandae barua za mwaliko.