Kipochi cha kadi: mbunifu na fundi kwenye meza moja

Mafunzo ya pamoja ya ngozi huharibika pale mbunifu anapokabidhi mchoro na kwenda zake. Wapangeni wawiliwawili, mbunifu na fundi, na kila jozi ipewe kazi ndogo: kipochi cha kadi chenye vipande viwili. Ni kidogo, lakini makosa mengi ya mkoba mkubwa yamo humo.

Tumieni ngozi ya ng'ombe iliyochakatwa kwa magome, ya miwati kwa mfano, unene mm 1.2. Kateni sehemu ya mgongo. Ya tumboni huvutika, na mdomo wa kipochi utalegea.

Mwacheni mbunifu achore kwanza. Kadi ya benki ina upana wa mm 85.6 na kimo cha mm 54, kwa hiyo ni rahisi kuandika upana wa mm 90 na kuridhika. Hapo fundi asibishane. Akate pateni, yaani kiolezo, ya karatasi nene, achore mstari wa mshono mm 4 kutoka kila ukingo, kisha ampe mwenzake kadi aipime katikati ya mistari. Zimebaki mm 82; kadi haiingii. Hesabu inayofanya kazi ni 86 za kadi, 8 za mishono na 6 za kupumulia, maana ngozi ina unene, haitii kama karatasi. Jumla mm 100. Kipande cha nyuma kiwe 100 × 60, mfuko 100 × 46. Kadi itachungulia mm 12 juu ya mfuko, kidole kipate pa kushika.

Jaribuni kwanza kwenye mabaki, ndipo mguse ngozi nzuri. Kisu kiwe kikali, rula ya chuma, na mpitishe mara mbili tatu kwa wepesi. Ukikandamiza mara moja, ngozi husukumwa na ukingo hupinda.

Kabla ya gundi, kwaruzeni uso laini wa kipande cha nyuma, upana wa mm 3 pale kingo za pembeni na chini za mfuko zitakapokaa, kwa sababu gundi haishiki uso unaong'aa. Pakeni kingo hizo kwenye vipande vyote viwili, subirini hadi isinate kidoleni, ndipo mbandike. Ikibandikwa mbichi vipande huteleza, na matundu ya nyuma hutoka nje ya mstari.

Toboeni kwa uma wa chuma wenye meno yaliyoachana mm 4, wima kabisa. Mshono, pembeni mbili na chini ya mfuko, una urefu wa mm 176, yaani matundu 45. Uzi wa mm 0.8, uliopakwa nta ya nyuki, uwe mara nne ya mshono na ziada ya sindano: sentimita 90. Tieni sindano kila ncha.

Hapa mbadilishane: mbunifu ashone, fundi atazame. Anzeni tundu la tatu kutoka mdomoni, rudini hadi la kwanza, kisha mwende mbele. Mdomoni ndipo penye mvuto. Sindano ya kushoto itangulie kila tundu. Ukigeuza utaratibu njiani, mshono hubadili mlalo na jicho huona mara moja. Kosa baya zaidi ni sindano ya pili kuchoma uzi wa kwanza ndani ya tundu: mshono hukataa kukaza, na ukivuta kwa nguvu uzi hukatika. Wakati wa kuingiza ya pili, vuta uzi wa kwanza nyuma kidogo.

Kingo: msasa namba 220, kisha 400, maji kidogo, sugua kwa kitambaa hadi zing'ae. Ngozi ya kromu, iliyochakatwa kwa chumvi za kromu badala ya magome, haing'ai hivyo. Mbunifu akiitaka, akubali rangi ya kingo na muda wake.

Fundi aandike nyuma ya pateni unene wa ngozi, uzi, nafasi ya matundu na dakika za kila hatua. Mbunifu akitaka mshono wa pili wa urembo, asome dakika hizo kabla ya kutaja bei.