Ukipanga machiya Kyoto na watoto, ulizia ngazi kwanza

Machiya, zile nyumba za mbao za zamani za jiji la Kyoto, Japani, zinafaa sana familia: mnalala pamoja kwenye magodoro ya futon yanayotandikwa juu ya mikeka ya tatami, hakuna mtoto wa kuanguka kitandani. Ila kabla hujalipa, mwombe mwenyeji picha ya ngazi. Nyingi zina mwinuko mkali, karibu kama za kupandia darini, na baadhi hazina pa kushika. Mwenye mtoto anayetambaa achague nyumba yenye chumba cha kulala chini. Kuta nazo ni nyembamba na majirani wako ubavuni kabisa, kwa hiyo watoto wakimbizane mchana, kando ya mto Kamo. Mkienda Januari, ulizia pia vipasha joto. Baridi hupenya nyumba hizo kwelikweli.