Kuchora Hitilafu za Beringi kwenye Karatasi ya Weibull

Wastani wa saa ambazo beringi hudumu haumwonyeshi fundi kama zinakufa kwa kuchakaa, kwa kufungwa vibaya, au kwa matukio yasiyohusiana na umri wake. Mchoro wa uwezekano humwonyesha, hata akiwa na hitilafu chache, na unaotumika zaidi ni ule wa mgawanyo ulioitwa kwa jina la Waloddi Weibull, mhandisi wa Uswidi aliyeueleza katika makala yake ya mwaka 1951.

Tuchukue mfano wa beringi 6 za pampu za maji za aina moja, zilizoharibika baada ya saa 1,200, 2,100, 2,900, 3,800, 4,700 na 6,300. Zikishapangwa hivyo, toa 0.3 kwenye namba ya nafasi ya kila beringi, kisha gawanya kwa idadi ya beringi zote iliyoongezwa 0.4. Ya kwanza hupata 0.7 ÷ 6.4, yaani asilimia 10.9, kadirio la sehemu ya beringi za aina hiyo zinazoharibika kufikia saa hizo; zinazofuata hupata 26.6, 42.2, 57.8, 73.4 na 89.1. Ukiita kadirio hilo F, likiandikwa kama desimali, weka ln (logi asilia) ya saa kwenye mhimili wa mlalo na ln(−ln(1 − F)) kwenye mhimili wa wima. Karatasi maalumu ya Weibull imekwisha kubeba hesabu hiyo katika mistari yake.

Hapa nukta zinakaribia kunyooka, na mteremko wa mstari ni kama 1.8. Mteremko unaozidi 1 ni dalili ya uchakavu, kwa hiyo kubadilisha beringi mapema kunaweza kuwa na faida. Ukiwa 1, beringi mpya haina usalama zaidi ya ile ya zamani. Ukiwa chini ya 1, chunguza ufungaji, grisi na ubora wa vipuri. Mstari hukata asilimia 63.2, pale mhimili wa wima unaposoma 0, kwenye saa 4,050 hivi, na asilimia 10 kwenye saa 1,150 hivi. Kwa upangaji wa matengenezo, namba hii ya pili ndiyo ninayoithamini zaidi.

Nukta zikipinda katikati, usizilazimishe kunyooka. Mara nyingi sababu mbili za hitilafu zimechanganywa, na dawa yake ni kurudi kwenye beringi zenyewe, kuzikagua, na kuchora kila sababu peke yake.

Kosa linaloniumiza zaidi ni kutupa taarifa za beringi zilizoondolewa zikiwa bado nzima. Kama ile ya saa 2,900 ingeondolewa hivyo, haingepata nukta, lakini ingesogeza nafasi ya hitilafu inayofuata: 7 (beringi 6 kuongeza 1) kutoa nafasi iliyotangulia, 2, ni 5, ukigawanya kwa beringi 3 zilizobaki kuongeza 1, unapata 1.25. Basi ile ya saa 3,800 inakuwa na nafasi ya 2 + 1.25, yaani 3.25, sawa na asilimia 46.1. Ukiifuta kabisa beringi iliyoondolewa, ungeandika asilimia 50, na pampu zingeonekana dhaifu kuliko zilivyo.