Somo: Kuwaandikia marafiki wa kalamu kwa lugha zaidi ya moja

Salaam wapendwa. Wengi mmeomba somo la kuandikiana na rafiki wa Ufaransa, wa Ujerumani na wa Japani kwa wakati mmoja bila kuchanganyikiwa. Nianze na hili: usiandike barua moja kisha ukaigeuza kwa lugha tatu. Anayeipokea anataka asemeshwe yeye, na kila lugha ina adabu zake.

Hatua ya 1: Kubalianeni lugha. Mimi napenda aya mbili za mwanzo ziwe za lugha unayojifunza, zinazobaki ziwe za lugha unayoimudu. Kama unataka usahihishwe, sema, maana wengi huona haya kumsahihisha mgeni. Ruka mstari mmoja kila unapoandika, apate pa kuweka kalamu yake.

Hatua ya 2: Salamu. Hapa ndipo penye kazi. Neno ni "mpendwa": kwa Kifaransa mwanamke huitwa "Chère", mwanamume "Cher". Kwa Kijerumani ni "Liebe" na "Lieber". Baada ya jina weka koma, na mstari unaofuata uanze kwa herufi ndogo, isipokuwa neno la kwanza likiwa nomino, kwani nomino zao huanza kwa herufi kubwa popote zilipo. Wahispania huandika "Querida" au "Querido", kisha jina na nukta pacha.

Mjapani mwandikie kwanza habari za majira. Barua zao za heshima hufunguliwa hivyo: maua ya mcheri, joto la kiangazi, majani yanayogeuka rangi. Nawe mweleze masika yalivyoanza kwenu, barabara ilivyojaa tope, embe zilivyokwisha sokoni. Ila jina lake usiliandike kwa wino mwekundu, kwao ni mkosi.

Kwenye kuaga, "Je t'embrasse" (nakubusu) ya Kifaransa iache mpaka mzoeane. Barua ya kwanza funga kwa "Amitiés" (kwa urafiki).

Hatua ya 3: Bahasha. Jina la nchi liwe mstari wa mwisho, kwa herufi kubwa, kwa Kiingereza au Kifaransa. Kifaransa ni lugha rasmi ya Umoja wa Posta Duniani tangu ulipoundwa mjini Bern mwaka 1874. Anwani ya Kijapani unaweza kuichapa kwa maandishi yao na kuibandika, lakini neno JAPAN libaki kwa herufi zetu. Ujerumani, namba ya nyumba huja baada ya jina la mtaa, na tarakimu 5 za posta hutangulia jina la mji. Halafu 7 yako ikate kistari katikati, kwani 1 ya Wajerumani ina mkia mrefu na hufanana na 7 yetu.

Hatua ya 4: Pima uzito posta kabla ya kubandika stempu. Karatasi nyembamba hukuokolea pesa.

MASWALI

Mwalimu, nikitumia programu ya kutafsiri ni vibaya?
Itumie kusomea barua uliyopokea. Ukiandikia, kagua ilivyomwita mwenzako: inaweza kumpa "vous" au "Sie" ya heshima mtu uliyetaka kumwita "tu" au "du", na barua nzima ikapoa.

Naweza kutia mbegu za mchicha na noti ya shilingi elfu moja kama kumbukumbu?
Mbegu hapana, ndugu yangu. Nchi nyingi hudai cheti cha afya ya mimea. Noti nazo haziruhusiwi kwenye barua ya kawaida. Tia picha ya soko lenu, au stempu zilizotumika.

Wangu anajifunza Kiswahili. Nimwandikieje?
Sentensi fupi, lakini salamu usizipunguze hata moja. Muulize habari za nyumbani, za kazi, za wazee, na kila moja iache na nafasi ya jibu. Methali mpe moja tu kwa barua, na ueleze husemwa wakati gani.