Chora nyusi kwanza, maneno yatafuata

Mtoto akikwama kutunga hadithi ya katuni, usimwambie "tunga mhusika." Mpe karatasi, achore duara, nukta mbili za macho na mstari wa mdomo. Kisha nyusi. Zikishuka kuelekea puani, huyo kakasirika. Zikipanda katikati, ana huzuni. Hapo ndipo umuulize, "Kakasirishwa na nani?" Jibu lake ndilo mhusika wa pili. Naye achorwe, ila kwa umbo tofauti kabisa, tuseme pembetatu yenye miguu.

Mazungumzo yakae kwenye viputo, yaani vile viduara vya maneno kando ya mhusika, na kiputo kichorwe baada ya kuandika maneno, si kabla; vinginevyo herufi hubanana pembeni na mtoto hukata tamaa. Anayeanza kusema awe kushoto, kwa kuwa ndiko tunakoanzia kusoma. Asiyejua kuandika akusimulie, nawe uandike vilevile alivyosema, hata ikiwa ni "Sitaki! Kofia yako inanuka soksi!" Usimsahihishe. Na ufutio, tafadhali, ufiche. Mguu ukitoka umepinda, muulize tu huyo mtu aliangukia wapi.